Daftari la Posho

Barua ya mkoa ilitaka jibu ndani ya siku kumi na nne:
Orodhesha spishi zote zilizofugwa
katika iliyokuwa bustani ya wanyama, Nachingwea.
Jina, idadi, jinsia, tarehe ya kufika.
Nikacheka peke yangu masjala.
Bustani yenyewe imebaki nguzo sita za zege
na birika lililopasuka, watu wanaanikia korosho.

Nilianza kwa kuuliza watu. Kosa.
Kila niliyemuuliza alikuwa na simba.
Hokororo wa mashine ya kukoboa, simba wawili.
Fundi Nandonde, simba mmoja, ila wa madoa.
Na mama mmoja pale stendi akaniapia
kwamba simba akinguruma, vikombe viligongana kabatini
mpaka Mkotokuyana.

Kisha nikalipata daftari, chini ya mafaili ya kodi ya kichwa.
Wanyama hawamo. Imo posho yao.
Aliyeandika, karani mwenzangu, simjui ila kwa mwandiko,
herufi zake zimeinama kama watu wanaopalilia.
Nani anakula, hakujali.
Alijali kinachotoka ghalani.

Ndizi mbivu, mikungu mitatu:
basi nyani, au tumbili, au mlinzi.
Paja la mbuzi, Alhamisi tu.
Paja moja kwa wiki! Simba gani huyo, wa kufunga sunna?
Nikaenda na rula kwenye sakafu ya kizimba cha nne,
mahali mnyama alipokanyaga saruji mbichi.
Kucha zimechora.
Chui hutembea kazificha; fisi hajui kuficha kitu.
Nikaandika: Fisi. Mmoja.
Jinsia nikaacha wazi. Kwa fisi, hata wenyewe hubishana.

Halafu huu mstari, kila siku, hata Idi, hata Krismasi:
Mchwa, nusu debe, senti kumi.
Hapo nilikwama siku tatu.

Bi Somoe Lipwata anauza ming'oko nje ya geti la hospitali.
"Mie ndiye niliyekuwa nachimba," akasema, huku anamenya.
"Leo kichuguu hiki, kesho kile. Vidole vyote vimeng'atwa.
Senti kumi? Mie nilikuwa naona tano.
Hizo nyingine kamuulize karani wako."
"Aliyekula ni nani?"
Akaweka kisu chini.
Akajikunja pale pale kwenye jamvi, mtu wa miaka sabini na kitu,
kidevu magotini, viganja kisogoni,
mpaka mteja akauliza kama mama anaumwa.
"Hivyo," akasema alipojikunjua. "Siku zote hivyo.
Wakubwa walimtandikia maji, ufuta na mkuki,
achague, waujue mwaka.
Hakuchagua. Aliwapa mgongo.
Mwaka ule ule wakaja kung'oa reli."

Nikarudi masjala nusu mbio, nimsake kwa jina.
Ukurasa wa mwisho, pale karani alipoamua, mara moja tu,
kuandika nani anakula nini:
nyani, ndizi. Fisi, paja.
Mbele ya neno mchwa, tundu.
Tundu laini, lenye kijia cha udongo mwekundu
kinachopenya hadi jalada la nyuma.
Wamemla.
Wamesubiri miaka sitini na ushee, wasio na haraka,
ilipofika zamu yao wakaanza na jina.

Fomu nimeijaza usiku huu.
Simba nimemkata; Hokororo ataninunia mpaka masika.
Mstari wa tatu: Kakakuona. Mmoja.
Tarehe ya kufika: haijulikani. Ya kuondoka: haijulikani.
Chanzo cha taarifa: S. Lipwata, mchimba mchwa.
Na kwenye nafasi ya maelezo mengine,
ambayo hakuna ofisi inayoisoma,
nimeandika kwa wino, nikagonga muhuri:
anadai senti tano kwa siku.